Viporo vya Jumamosi

Simu ilinikuta nimelala chali chini ya jenereta la kanisa, hapa karakana kwangu Jeppestown, uso umejaa oili kama mtu aliyebatizwa kwenye pipa la gereji. Mwenye jenereta, shemasi mmoja Mkongo mwenzangu, alikuwa amesimama juu yangu akiniuliza kila nikivuta pumzi kama litawaka kabla ya ibada. Nikapokea bila kutazama namba. "Bahati," sauti ikasema, "Susu ametutoka." Nilimjua papo hapo. Alikuwa Kioko, Mkamba wa Kitui anayefanya kazi ya benki kule Sandton, mwajiri wangu wa kwanza katika nchi hii, na Susu alikuwa mama yake mzazi. Kwa Kikamba susu ni bibi. Wajukuu walimwita hivyo, na sisi vibarua tukafuata wajukuu. Kilichonigusa ni kwamba Kioko mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, hakusema "mama yangu." Alisema Susu, kama vile sote tulikuwa wajukuu tuliofiwa pamoja. Akanieleza kwamba mwili utasafirishwa Kitui, lakini kabla ya hapo kutakuwa na maombi Randburg, na angependa niseme maneno machache. Maneno machache! Mimi! Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akaegemea friji. Shule ya jioni niliyomalizia masomo yangu walinipa cheti nadhani ili tu ninyamaze, walimu wapate kwenda kulala. Kwa hiyo nimekaa na kalamu nimwage kwanza yote niliyo nayo, ili siku hiyo yabaki machache. Na yote niliyo nayo juu ya Susu yamo ndani ya mwaka mmoja, mwaka wa ploti.

Ploti ndilo jina wanaloita huku shamba dogo la nje ya mji. Ile ya Kioko ilikuwa mbele ya Randburg, ukiacha maduka na maofisi nyuma mpaka lami ichoke yenyewe, barabara igeuke vumbi jekundu na uanze kuona farasi wengi kuliko watu. Aliinunua kwa ajili ya mama yake. Baba alikuwa amefariki kule Kitui, Kioko akamleta mama kwake Sandton, ghorofani, juu kabisa ambako hata ndege hupita chini ya dirisha, na mama akaanza kunyauka. Nilimsikia mwenyewe akimsimulia Chande, mfanyakazi mwenzangu, siku za mwanzo, huku anapepeta unga: "Pale juu kuku akianguka dirishani atakuwa mzee kabla hajafika chini. Na jioni? Kioko anarudi mimi nimeshalala. Asubuhi ninaamka, ameshaenda. Tuliishi nyumba moja kama majirani waliogombana." Basi Kioko akatafuta ploti, akaja kanisani kwetu kutafuta wafanyakazi wanaojua Kiswahili, kwa sababu Susu hakuwa na Kiingereza cha kumgawia mtu. Akatupata wawili. Mimi, kijana wa Uvira niliyekuwa sijawahi kugusa mashine kubwa kuliko redio, na Chande, Mtanzania wa Morogoro, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alishawahi kutengeneza treni ikiwa inatembea.

Siku ya kwanza tu, tukiwa bado na mabegi begani mlangoni pa jikoni, tulisikia masharti. Kioko alimwita mama yake Mwaitu, yaani mama, na alisema kwa sauti ile ya watu wa benki, ya upole isiyokuwa na mlango wa kutokea. "Mwaka mmoja, Mwaitu. Tujaribu mwaka mmoja. Ukiona baridi imekushinda, au ikawa kila siku ni shida, tunauza na unarudi kwangu." Susu alikuwa anasugua sufuria. "Kurudi kwako juu?" akauliza. "Juu," Kioko akajibu. Susu akalisugua sufuria lile mpaka nikalionea huruma. "Sawa. Mwaka," akasema, kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tunajifanya viziwi. "Na nyinyi mmesikia. Ingieni, mle."

Chumba chetu kilikuwa nusu ya karakana. Upande mmoja vitanda viwili vya chuma, upande wa pili jenereta, mashine ya kukatia nyasi, toroli, mipira ya maji na makopo ya misumari iliyokuwa na umri mkubwa kuliko sisi. Ukigeuka kitandani unagonga mpini. Nguo zetu zilinuka petroli hata zikitoka kufuliwa, nami kanisani nilikuwa nakaa mbali na mishumaa. Lakini nilipapenda kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao na ulishikana na wetu, kwa hiyo harufu ya chakula cha Susu iliingia bila hodi, na maneno yake pia. Chakula chenyewe kilikuwa isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja tangu asubuhi. Wiki ya kwanza tulishukuru Mungu. Wiki ya pili tulianza kumkumbusha Mungu kwamba kuna vyakula vingine. Chande alitaka ugali na dagaa. Mimi nilitaka bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakapikwa na mafuta ya mawese, na tulibishana kama ni ugali au bugali mpaka Susu akagonga meza kwa mwiko: "Ni chakula! Nyinyi wanaume wa nchi gani mnagombana na unga?"

Kazi ya ploti haikuwa na mwisho, na ninawaambia hivyo wateja wangu leo wanaponiletea mashine mwaka mzima haijaguswa. Kitu chochote cha chuma shambani kina mpango wa siri wa kurudi udongoni. Jumatatu tulinoa panga na visu vya mashine ya nyasi. Tulipaka grisi ekseli ya toroli, tulifyeka majani yaliyogusa waya wa umeme wa uzio, maana jani moja bichi likilala pale, uzio mzima unageuka kamba ya kuanikia nguo. Tulisafisha filta ya hewa ya jenereta, ambalo lilikuwa na sauti ya kufufua makaburi yote ya Gauteng, na lilihitajika sana kwa sababu umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu kama chakula cha gerezani. Lakini moyo wa ploti ulikuwa pampu ya kisima. Ilikaa ndani ya kibanda cha matofali, ikavuta maji kutoka chini kabisa ya dunia, ikayapandisha kwenye tangi la kijani lililosimama juu ya mnara wa chuma. Pampu ikinyamaza, kuku, mbuzi na binadamu wote wanatazamana.

Jumamosi ya kwanza Kioko alikuja kukagua. Tulikuwa tumejitahidi kupita kiasi. Hata kuku walikuwa kama wamechanwa nywele. Alishuka akiwa na miwani ya jua, akazunguka, akatikisa uzio, akamwuliza mama yake pale uani, "Kuna shida, Mwaitu?" Susu kwa fahari akasema, "Hakuna shida hata moja." "Sharp," Kioko akasema, yaani sawa, akambusu paji la uso, akaingia kwenye gari. Hata kukaa hakukaa. Susu alikuwa amechinja jogoo. Nilimwona amesimama uani anatazama vumbi la gari mpaka likalala, kisha akaingia ndani, na kupitia ukuta wa mbao nikamsikia anaongea na sufuria kwa Kikamba. Jogoo tulimla sisi. Alikuwa jogoo mzuri ajabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsifu.

Wiki iliyofuata jenereta likagoma. Chande akafungua plagi, akaikuta nyeusi kama moyo wa shetani, akaisugua kwa brashi ya waya, akairudisha, akavuta kamba mara moja, likaunguruma. Aliinua mikono juu kama amefunga goli la fainali. Susu akatoka jikoni mbio na mwiko. "Zima!"

"Susu, limepona!"

"Ninasikia. Zima. Rudisha hicho kidude kilivyokuwa. Kioko atakuja Jumamosi atakiangalia."

"Lakini mama yangu, kazi yenyewe ni kufumba na kufumbua, hata..."

"Chande. Mimi na wewe, nani alizaa Kioko?"

Akazima. Akachukua plagi, akaipaka tena masizi kwa kidole chake mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelazimishwa kumrudisha mgonjwa kitandani baada ya kumponya. Usiku mzima alinung'unika. "Mdogo wangu, huyu mama haniamini. Mimi! Anaona mtoto wake wa kalamu ndiye fundi." Jumamosi Kioko akaja, akauliza kama kuna shida, Susu akasema, "Hiyo jenereta imekataa, mwanangu, sijui ni nini." Kioko akavua saa. Akakunja mikono ya shati. Akapiga magoti, akafungua filta, akafungua kabureta, akafungua vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote, na Susu akaleta kigoda akakaa karibu naye, anachambua maharagwe. Walikaa hivyo mpaka jua likahama upande. Sisi tulikuwa tunafyeka karibu, masikio yote kwao. Wakaongea habari za baiskeli ya marehemu baba, ambayo Kioko aliifungua akiwa mtoto akashindwa kuifunga, baba akaenda kazini kwa mguu mwezi mzima bila kumchapa. Kioko alicheka. Nilikuwa sijui kama huwa anacheka. Alipofika kwenye plagi na jenereta likawaka, alipiga kelele kama Chande yuleyule, na akaingia ndani mwenyewe, mikono imejaa mafuta, akala isyo sahani mbili.

Tangu siku hiyo ikawa sheria isiyosemwa. Kila wiki tulitengeneza vyote, tukabakiza kimoja. Susu ndiye aliyechagua. Angepita asubuhi amejifunga kanga, anatazama mashine kama mtu anayechagua mboga sokoni: "Hiyo toroli, tairi yake iacheni." Au, "Bawaba ya banda la kuku, wacheni ilie." Chande, alipoelewa, akaacha kuumia na kuanza kuona ladha yake, na ndiye aliyezipa kazi hizo jina la viporo, chakula kilicholala. "Mdogo wangu, kiporo cha wiki hii ni nini?" Nikamjibu, "Mkono wa mashine ya nyasi." "Hicho kidogo. Kitaisha kabla ya saa sita. Tumwongezee." Akaenda akalegeza nati nyingine. Sikuwahi kuona mafundi wenye bidii ya kuharibu kama sisi. Na nilipofikiria baadaye, nikiwa sasa nina watoto wangu, wanaonielewa ninaposema Kiswahili lakini wananijibu kwa Kizulu bila kuinua macho kwenye simu, na ambao hunitafuta chaja zao zikikatika, nilimwelewa Susu zaidi, nikamwelewa na Kioko pia. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa kwamba mapenzi ni kuondoa shida. Ukimwonyesha shida alikupenda kwa nguvu zake zote. Pasipokuwa na shida alidhani amemaliza.

Tatizo la mpango huo mnaliona. Shida zikikosekana Kioko haji. Shida zikizidi, anauza. Susu alitembea katikati ya hayo mawili kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi, na alitembea vizuri mpaka tulipofika mwezi wa Machi.

Machi, sisi watatu tulikubaliana, na sijui kama tulishawahi kukubaliana tena. Kwa Susu, Machi ni mvua, unapanda. Kwa Chande wa Morogoro, Machi masika inaanza, unapanda. Kwangu Uvira nako Machi mvua zipo bado, haina ubishi. Tukalima kipande chote cha nyuma, tukapanda mahindi na kunde. Pale njia panda palikuwa na spaza, kile kiduka cha mtaani, cha mama mmoja Mzulu aliyeitwa MaDlamini. Nilipokwenda kununua sukari nikiwa na udongo mpaka magotini, akaniuliza tunafanya nini, nikamwambia. Aliweka mikono kichwani. "Hawu! Mahindi sasa? Mwambie gogo," akimaanisha Susu, bibi yetu, "baridi inakuja, mvua imekwisha." Nikapeleka ujumbe. Susu akasikiliza kwa heshima. "Mwambie asante," akasema. "Lakini Machi ni Machi." Chande akaongeza kwamba yule mama anaogopa tutamharibia soko la unga.

Mvua ikaja mara mbili, ikaaga. Tukaanza kumwagilia. Tulivuta bomba jipya kutoka kwenye pampu mpaka shambani, juu ya ardhi, kwa sababu kulichimbia tuliona ni uvivu wa watu wasiojua kuruka bomba. Na kweli mahindi yakapanda, yakafika kiunoni, ya kijani mpaka unasikia kiu. Kioko aliyapiga picha akiwa ameyakumbatia. "Nitawaonyesha wale wa ofisini," akasema, "wanaonicheka." Susu hakusema neno, ila siku hiyo alituwekea nyama kwenye isyo, nyama nyingi mpaka maharagwe yakajiona wageni. Jioni zikaanza kuuma. Nyasi zote za nchi zikageuka njano, sisi peke yetu tukiwa na kijani, na tuliona fahari badala ya kuona hatari. Valvu ya plastiki iliyounganisha pampu na lile bomba jipya ikaanza kuvuja, tone, tone. Chande akatoa mpya mfukoni siku ya Jumanne. Susu akasema, "Hiyo wacha. Hiyo ni ya Jumamosi."

Alhamisi tulipofungua mlango, dunia ilikuwa imepakwa chokaa. Sijawahi kuona kitu kama kile na nilidhani kwanza ni majivu, kumbe ni umande ulioganda. Kila jani la nyasi lilikuwa na manyoya meupe, na ukikanyaga linalia. Mahindi yalikuwa bado yamesimama, lakini jua lilipoyagusa yakalegea yote kwa pamoja, yakawa kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Chande hakuyatazama; alikimbilia pampu, kwa sababu ilikuwa inaguguma bila kutoa maji. "Bomba limeganda!" akapiga kelele. "Bahati, leta maji yanayochemka!" Nikaleta sufuria nzima ya Susu. Akaimwagia ile valvu. Mtu yeyote aliyekulia kwenye baridi angetushika mikono. Ilitoa mlio kama bunduki, ikapasuka, na maji yaliyokuwa yamesukumwa nyuma yake yakatoka kwa hasira, yakapiga ukuta, yakapiga kisanduku cha umeme, pampu ikatoa moshi mdogo wa buluu na kunyamaza. Maji yaliyomwagika uani yakaganda pale pale. Susu alikuwa anakuja mbio kuona ni nini. Akateleza. Alianguka juu ya mkono wake, na alipoanguka hakulia; alisema tu, "Ai," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyesahau kitu sokoni.

Kioko alikuja na suti yake ya kazini. Akampeleka kliniki, wakarudi mchana, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umepasuka kidogo. Tulikuwa jikoni sote wanne, jiko la kuni limewaka. Kioko hakukaa. Alitazama nje dirishani, kule nyuma kulikokuwa na kijani. "Basi," akasema. "Imetosha, Mwaitu. Tumejaribu. Nitamleta mtu wa kuuza nyumba aje aone."

"Kwa sababu ya mahindi?" Susu akauliza. "Kwani Kitui mahindi yakikauka tunauza shamba? Tungekuwa tumeuza nchi nzima."

"Si mahindi. Ni wewe! Ungevunjika kiuno je? Ungelala hapo nje na hawa..." Akatugeukia, na ile sauti ya upole ikapotea kabisa. "Na nyinyi! Hakuna Jumamosi nimekuja hapa nikakuta kila kitu kinafanya kazi. Hakuna! Jenereta, toroli, milango, mashine, pampu. Kwani mnafanya nini wiki nzima? Chande, si uliniambia wewe ni fundi? Fundi wa nini?"

Nilijua Chande atanyamaza, maana alimpenda yule mama. Alitazama chini. Alitazama viatu vyake vilivyolowa. Lakini kuna maneno ukimwambia mtu wa Morogoro aliyetengeneza treni ikiwa inatembea, hata yeye hawezi kuyameza. "Bosi," akasema, na sauti ikamtoka kama inavutwa kwa koleo. "Bosi, jenereta niliitengeneza siku ile ile ilipogoma. Toroli pia. Zote nilizitengeneza, au ningezitengeneza. Mama ndiye anayesema tuziache. Tunakubakizia wewe. Tunazipaka hadi masizi, bosi. Kwa mkono wangu huu."

Kuni zililia jikoni. Susu alikuwa amekaa, mkono wake mzima umeshika ule mgonjwa, na niliona aibu ikipanda usoni mwake mpaka nikageukia ukutani nisiione. Mama mzima wa wajukuu, ameshikwa kama mtoto aliyeficha daftari. Kioko akasogea, akachuchumaa mbele yake kama alivyochuchumaa mbele ya jenereta. "Mwaitu, ni kweli?"

"Kama hakuna shida," Susu akamwuliza taratibu, "ungekuja?"

Kioko akasimama. Akachukua funguo za gari mezani, akatoka nje, na kwa muda mrefu tulimwona amesimama katikati ya mahindi yaliyokufa, na suti yake, mikono mfukoni. Kisha gari likaondoka. Hakusema kama anauza au hauzi.

Jumamosi iliyofuata hakuja, na wiki ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizoishi. Nadhani ilikuwa na Jumatano tatu. Susu hakumgombeza Chande hata kwa nusu neno, na hilo lilimtesa Chande kuliko matusi. Asubuhi ya Jumatatu alitoka na mkono wake wa bandeji na kusema, "Tengenezeni zote. Kila kitu. Nyumba ikiuzwa, isiuzwe na aibu." Tukafanya kazi kama watu wanaomwandaa maiti. Chande aliibeba mota ya pampu mpaka kwa fundi mmoja Jeppestown, mtaa huu huu niliopo leo, akairudisha ikiwa inaimba. Tulichimba mtaro tukalizika bomba, tukafunga magunia kwenye kila kipande kilichotokeza. MaDlamini mwenyewe alikuja kutuonyesha tulizike kina gani, na akakaa jikoni na Susu mchana mzima, mmoja akisema Kizulu, mwingine Kikamba, na wakaelewana kuliko mimi ninavyoelewana na bima. Mahindi yaliyokufa Susu alituamuru tuyakate yote tuwape mbuzi. Bawaba hazikulia. Toroli lilikwenda kimya kama mwizi. Hakuna kilichobaki. Ijumaa jioni Chande akazunguka ploti nzima na spana mkononi, akarudi akaketi kitandani. "Mdogo wangu," akasema, "hakuna kiporo hata kimoja. Naogopa."

Jumamosi Susu hakupika kitu cha wageni. Aliweka sinia ya maharagwe mezani na kuanza kuyachambua kwa mkono mmoja, haraharaka, kama mtu asiyesubiri mtu. Kila gari lililopita barabarani, vidole vyake vilisimama. Saa ambayo Kioko huja ikafika, ikapita. Chande alikuwa mlangoni pa karakana anang'arisha spana iliyokwisha ng'aa. Mimi nilijifanya ninasoma kitabu cha maelekezo cha jenereta, ambacho ndicho kilikuwa kitabu changu cha kwanza cha Kiingereza, na siku hiyo nilisoma ukurasa mmoja huo huo mpaka nikauchakaza. Mchana ulikuwa umeanza kuchoka tulipoona vumbi.

Alikuja peke yake, bila mtu wa kuuza nyumba. Alivaa ovaroli jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Alizunguka kibanda cha pampu, akainama, akagusa magunia. Akasukuma lango la kuku likafunguka bila sauti. Akavuta kamba ya jenereta, likawaka hapo hapo, akalizima. Kisha akasimama katikati ya uani, mikono haijui iende wapi, akasema kuelekea dirisha la jikoni, "Mwaitu, kuna shida?"

"Hakuna," Susu akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilisikia maharagwe yakiacha kugonga sinia.

Kioko alisimama. Nami niliacha kupumua, na Chande pia, na ninaapa hata kuku waliacha kuparura. Akafuta viatu mlangoni, akaingia, akavuta kiti, akakaa. Kupitia ukuta wa mbao tulisikia kiti kikilia chini ya uzito wake, kisha kimya cha watu wawili ambao hawana cha kutengeneza kati yao. Nilitamani kukimbia nikavunje kitu.

"Yule mtu nilimwambia asije," Kioko akasema mwishowe.

"Sawa."

"Mwaka haujaisha bado."

"Haujaisha." Sinia ikasukumwa juu ya meza. "Chambua upande huo. Mimi mkono mmoja unanichelewesha."

Wakachambua. Chande alikuja kwa ncha za vidole akaweka sikio lake ukutani karibu na langu, ananuka grisi na machozi. Maharagwe yalidondoka kwenye sufuria moja moja, ya Susu kwa haraka, ya mtoto wake kwa uangalifu wa mtu anayehesabu fedha za benki.

"Kioko. Macho yako yako wapi? Hilo ni jiwe."

"Hili? Hili ni haragwe, Mwaitu."

"Ninakuambia ni jiwe."

"Ni haragwe. Tazama rangi yake."

"Haya, liume tuone."

Akaliuma. Tulisikia hata sisi jino likigonga.